Ndala zilimtoka miguuni, sisi tukapiga picha ya kichwa

Kabla ya kisa

Naandika kwa ajili ya matabibu, wauguzi na wanafunzi wanaokaa vyumba vya wagonjwa wa nje, maana huko ndiko mgonjwa wa mishipa ya fahamu anakoonwa kwanza, na huko ndiko anakopotezwa njia. Mgonjwa na mumewe wameridhia kisa kisimuliwe. Umri, mtaa na mambo mengine yasiyogusa ugonjwa nimeyabadilisha. Nitamwita Mama S. Kosa kubwa kuliko yote humu nililifanya mimi, na nimeliacha lilivyo.

Usuli

Mama S. ana miaka 30 na kitu, watoto watatu, anaishi upande wa Temeke. Kazi yake ni kukaanga samaki. Alfajiri anapanda daladala kwenda Feri, anagombania vibua mnadani, anarudi na ndoo, mchana yuko jikoni na jioni yuko barazani na sinia lake. Hajawahi kulazwa ila kujifungua.

Kwa miezi 4 mgongo ulikuwa unamuuma. Hakuona ajabu, na mimi nisingeona ajabu pia: mtu anayebeba ndoo kila siku mgongo utaacha kuuma kwa nini? Lakini maumivu yake hayakuwa kiunoni kama ya wabeba mizigo wengi. Yalikaa juu, pale unapopita mkanda wa sidiria, na usiku akiwa amelala ndipo yalipozidi. Duka la dawa la jirani lilimpa vidonge vya diklofenaki, kisha sindano, matakoni, mara kadhaa. Jioni mwili ulikuwa unapata joto, akiamka shuka limelowa jasho. Nguo zikaanza kumpwaya. Wateja wakamsifia kwamba amependeza.

Halafu zikaja ndala. Alinieleza baadaye sana, nilipouliza: “Nilikuwa natembea, nikigeuka naona ndala imebaki nyuma. Sikujua imenitoka saa ngapi.” Wakati huo huo akaanza kuhisi amebanwa tumboni, “kama nimefunga kibwebwe, na mimi sijafunga kitu.”

Jioni moja mtoto wake mkubwa ndiye aliyepiga kelele. Kaa lilikuwa limedondoka kutoka jikoni na mama alikuwa amesimama juu yake, pekupeku. Alisikia harufu kabla hajajua ni mguu wake.

Yaliyotokea

Zahanati ya kwanza iliosha kidonda cha moto na kukifunga vizuri. Kwa kuwa alikuwa na joto, walipima mkojo, wakaandika UTI, wakampa siprofloksasini kwa siku 7. Hakuna aliyeuliza imekuwaje mtu akanyage kaa la moto asiruke.

Baada ya kama wiki mbili alifika kwetu, hospitali yenye foleni inayoanzia getini. Aliletwa na mama mkwe wake. Mama mkwe ndiye aliyesema, kabla sijauliza: “Dokta, mwenetu kapigwa kiharusi. Mguu wa kulia anauburuta.” Presha ilikuwa 158/96. Nilimwambia atabasamu, akatabasamu. Nikamwambia abane vidole vyangu, akanibana mpaka nikasikia. Nikamwambia anyanyue miguu akiwa amekaa palepale kwenye kiti, na gauni lake, na viatu vyake. Wa kulia ulinyanyuka kwa shida. Wa kushoto niliuona mzima. Nikauliza tatizo limeanza lini, akasema kama wiki 3 na kila siku linaongezeka. Nikaandika wiki 3, na lile la “kila siku linaongezeka” sikuliandika.

Nilimwandikia CT ya kichwa. Akaniuliza swali ambalo bado linanirudia: “Dokta, mbona picha ya kichwa, na mimi kichwa hakiniumi?” Nikamjibu kwamba kiharusi si lazima kiume. Jibu sahihi, kwa mgonjwa mwingine.

CT aliilipia kwa hela ya mchezo aliyokuwa ameipokea mwezi ule, kodi ya chumba ya miezi kama 3. Ilitoka safi. Hapo ndipo ningepaswa kusimama, lakini nilikuwa na maelezo tayari: kiharusi cha mshipa kuziba kinaweza kisionekane kwenye CT. Ni kweli, hasa katika saa za mwanzo. Kilichopitiliza wiki 3 na bado kinampunguza mtu nguvu kila siku kingekuwa kimeshaonekana, na kiharusi hakina tabia ya kujongea hivyo. Nikampa aspirini na dawa ya presha, nikamwambia arudi baada ya mwezi.

Alirudi baada ya siku 12. Mumewe alimtoa kwenye bajaji akiwa amembeba mgongoni kama mtoto. Miguu yote miwili haikuwa inafanya kazi. Gauni lilikuwa limelowa mkojo, naye alikuwa amejifunika kanga mbili akiona aibu. Alilazwa na daktari wa zamu kwa maandishi haya: kiharusi, na UTI inayojirudia.

Ukumbini ndugu walikuwa wamegawanyika. Mume alishikilia kwamba sindano ya matakoni imempiga mshipa. Mama mkwe alikuwa ameshahama kutoka kwenye kiharusi. Sasa alisema mkwewe ametegewa, amekanyaga kitu, na kwamba wamempeleka kwa mtaalamu akachanjwa, na usiku miguu yake inaruka yenyewe, je hicho nacho ni presha?

Usiku ule muuguzi wa zamu, dada mtu mzima asiye na maneno mengi, alimwogesha kitandani. Asubuhi akanifuata kabla sijaanza kupita wodini. “Dokta, yule mama kibofu kimejaa mpaka karibu na kitovu. Mkojo unaotoka ni wa kufurika. Na nilipomwagia maji aliniambia hapa tumboni ni ya baridi, yakishuka chini ya kitovu hayasikii.”

Kazi yangu ya wiki mbili aliimaliza kwa beseni la maji.

Uchunguzi wa asubuhi

Vifaa vilikuwa nyundo ya refleksi (ya kugonga goti uone mguu unavyojirusha wenyewe), uma wa mtetemo, pamba, vijiti vya meno na ufunguo wangu wa nyumbani. Tulivuta pazia, tukamvua nguo, tukamfunika kanga.

Nilianza kichwani ingawa nilishajua shida iko chini. Ukianzia panapouma utaishia hapo hapo. Fahamu zilikuwa alama 15 kati ya 15. Alinitajia siku, wodi, na bei ya ndoo ya vibua ya wiki ile bila kufikiri. Macho yalifuata kidole pande zote. Alikunja paji la uso, akafumba macho kwa nguvu, akatoa ulimi ukanyooka. Mikono ilikuwa na nguvu 5 kati ya 5, na aligusa pua yake na kidole changu bila kukosea. Kwa hiyo kuanzia kichwani hadi mikononi hapakuwa na kasoro.

Miguu ilikuwa hadithi nyingine. Nilipolikunja goti kwa haraka lilishika kama bawaba yenye kutu, kisha likaachia ghafla. Mguu wa kulia ulipata 2: uliweza kusogea juu ya shuka lakini si kunyanyuka. Wa kushoto ulipata 3: ulinyanyuka, ila ukiukandamiza kidogo unashuka. Nilipogonga chini ya goti mguu ulirusha teke likagonga trei ya dawa. Nilipousukuma unyayo kwenda juu na kuushikilia, kisigino kilianza kupiga chenyewe, tap-tap-tap, kama mguu wa fundi kwenye cherehani. Nikakwaruza nyayo kwa ufunguo, kutoka kisiginoni kupitia ukingo wa nje. Madole gumba yote mawili yalinyanyuka taratibu kwenda juu badala ya kujikunja chini. Ishara hiyo Joseph Babinski aliieleza Paris mwaka 1896, na gharama yake mpaka leo ni ufunguo.

Kisha kijiti cha meno, nikianzia mguuni kupanda.

“Hapa?”

“Kama pamba.”

“Na hapa?”

“Pamba.”

Goti, paja, nyonga, pamba. Kitovuni akashtuka. “Ai! Hapo sasa unanichoma.” Nikaweka alama ya kalamu. Upande wa pili alama iliangukia karibu palepale. Uma wa mtetemo haukusikika kwenye vidole vya miguu wala magotini. Kwenye mbavu aliusikia vizuri. Hisia za makalioni na nguvu ya misuli ya haja kubwa nilizipima muuguzi akiwepo, kwa ruhusa ya mgonjwa. Zilikuwa zimepungua.

Mwisho tukamgeuza. Mgongoni, kwenye mkanda wa sidiria, kulikuwa na safu mbili za chale mbichi. Nilipopitisha kidole katikati ya zile chale, juu ya pingili, nilihisi kifundo kidogo kimetokeza, kama kifundo cha kidole cha mkono. Nikakigonga kwa ngumi laini. Akalia.

Mganga alikuwa ameweka wembe juu ya ugonjwa wenyewe. Alifanya jambo moja ambalo sisi wote tuliomtangulia hatukulifanya: alimgeuza mgonjwa, akamuuliza panauma wapi, akagusa. (Alichofanya baada ya hapo ni habari nyingine.)

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa kibofu. Tuliweka mpira, zikatoka mililita 1,100. Kibofu kilichojaa kiasi hicho kikiachwa huharibika, na figo hufuata. Hapo pia neno UTI lilipata maana yake halisi kwenye faili hili: mkojo haukuwa chanzo, ulikuwa umekwama kwa sababu mishipa inayoamuru kibofu ilikuwa imebanwa. Wenzangu hutania kwamba daftari liliandikwa UTI na ugonjwa ulikuwa uti. Utani mzuri, ila mgonjwa alikunywa dawa zake.

La pili, kusimamisha aspirini, kwa kuwa upasuaji ulikuwa unanukia. Presha baada ya kutulizwa maumivu na kutolewa mkojo ilisoma 124/78.

La tatu, eksirei ya mgongo siku ileile, kabla ya kitu kingine chochote cha gharama. Tungeweza kusubiri MRI, picha ya sumaku inayoonesha hata mishipa ya fahamu, moja kwa moja, lakini eksirei ilikuwa jengo la jirani, na swali letu lilikuwa jepesi: pingili zimeliwa au hazijaliwa? Hapa kuna hesabu ndogo ambayo wanafunzi wengi huikosea. Kitovu kinahudumiwa na mshipa wa 10 wa kifua, lakini mshipa mkuu wa fahamu, ule unaoshuka kutoka ubongoni ndani ya uti wa mgongo, ni mfupi kuliko mfereji wa mifupa unaoubeba, kwa hiyo eneo lake la 10 la kifua hukaa juu zaidi, usawa wa pingili ya 7 au ya 8 ya kifua. Ukiambia chumba cha picha “pingili ya 10” tu, unaweza kukosa. Eksirei ilionesha nafasi kati ya pingili ya 7 na ya 8 imetoweka, kingo zake zimelika, na kivuli kimevimba pembeni.

Damu tuliyotuma ilikuwa ya potasiamu, sukari, VVU baada ya ushauri nasaha, na kasi ya kutuama kwa chembe nyekundu, ambayo hupanda mwilini kukiwa na maambukizi. Ya mwisho ndiyo pekee iliyokuwa imepanda.

La nne lilitugombanisha kidogo: tuanze dawa za kifua kikuu, ambacho hula pingili za mgongo pia, usiku ule au tusubiri sampuli? Mwenzangu alitaka tuanze. Nilipiga simu hospitali ya rufaa, tukakubaliana kwamba wakimpokea ndani ya siku 2 tusubiri, wakishindwa tuanze. Sababu ni kwamba si kila pingili iliyolika ni kifua kikuu. Kuna saratani, kuna bakteria wengine, na kuna kifua kikuu sugu ambacho kisipojulikana mapema mgonjwa atameza dawa zisizomsaidia. Sijashawishika kwamba uamuzi huu ungekuwa sahihi kama rufaa ingechukua wiki.

Barua ya rufaa niliiandika mara mbili. Ya kwanza ilisema “kupooza miguu, kwa uchunguzi zaidi”. Nikaichana. Ya pili ilianza hivi: “Mshipa mkuu wa fahamu umebanwa usawa wa kitovu, wiki 5, unaendelea, kibofu kimekamatwa, pingili ya 7 na ya 8 zimelika.” Alipokelewa siku iliyofuata. Kwa Dar es Salaam wagonjwa wanaohitaji upasuaji wa namna hii mara nyingi huishia MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na anayepokea simu huko anapokea simu nyingi. Sentensi ya kwanza ndiyo inayompa nafasi.

Wakati tunasubiri, mume alifundishwa kumgeuza kila saa 2. Ngozi ya juu ya makalio ilikuwa imeshaanza kuwa na wekundu.

Matokeo

MRI ilionesha usaha mbele na pembeni ya pingili hizo mbili, na mshipa mkuu wa fahamu umebanwa ukawa bapa. Alipasuliwa siku ya 6 tangu alazwe. Usaha ulipimwa kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea, ukakutwa na vimelea vya kifua kikuu visivyo sugu kwa rifampisini. Alianza dawa 4 kwa miezi 2, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi 10, pamoja na vitamini B6 ili isoniazidi isimwongezee ganzi juu ya ganzi. Dawa hutolewa bure. Nauli ya kuzifuata ni juu ya mgonjwa. Mkojo ulipogeuka rangi ya chungwa mama mkwe alipiga simu akiwa na hofu. Ni rifampisini, na tungepaswa kuwaambia mapema.

Wiki ya 3 alitingisha vidole vya mguu wa kushoto. Wiki ya 7 mpira wa mkojo ulitolewa na haukurudi. Mwezi wa 4 alisimama na fremu, mwezi wa 6 akatembea na fimbo. Mwezi wa 12 aliingia chumbani kwangu bila fimbo, mguu wa kulia bado unakakamaa asubuhi, amevaa viatu vya kufunga kwa nyuma. Ndoo habebi tena. Shemeji yake ndiye anayekwenda Feri. Yeye anakaanga akiwa amekaa, jiko likiwa limeinuliwa juu ya matofali. Familia nzima ilipimwa, hakukutwa mwingine mgonjwa.

Uchambuzi

Nimejiuliza mara nyingi nilikosea wapi hasa. Sikukosa ujuzi. Kila nilichokifanya asubuhi ile nilifundishwa mwaka wa 3 wa chuo. Nilikosea mpangilio wa maswali. Niliuliza “ni ugonjwa gani?” na mama mkwe alikuwa amenipa jibu tayari, na presha ikamuunga mkono. Mishipa ya fahamu inataka uulize kwanza “ni wapi?”, kwa sababu ndiyo sehemu ya mwili ambayo mahali hujieleza penyewe.

Na hapa Kiswahili chetu cha mtaani kinachangia. Kiharusi kimekuwa jina la kila kupooza. Uso ukipinda ni kiharusi, mguu ukifa ni kiharusi. Mgonjwa ana haki ya kusema hivyo. Mimi sina haki ya kukinakili. Kiharusi cha ubongo kwa kawaida huchukua upande mmoja wa mwili, na mkono mara nyingi huathirika sawa na mguu au zaidi. Mama S. alinibana vidole vikauma. Ile ndiyo ilikuwa habari ya siku, nami niliichukulia kama sehemu ya uchunguzi iliyopita salama. Ipo sehemu ndogo ya ubongo, katikati ambapo nusu mbili zinatazamana, ikiumia mguu peke yake hudhoofika, kwa hiyo mguu mmoja si uthibitisho kwamba ubongo ni mzima. Lakini miguu yote miwili, pamoja na mstari wa hisia tumboni, pamoja na kibofu, ni mgongo mpaka ithibitike vinginevyo. Na sikuupima mguu wa kushoto sawasawa siku ile. Naamini ulikuwa umeshaanza.

Kingine ni kasi. Kiharusi huja ghafla: mtu alikuwa anakunja chapati, dakika inayofuata haikunji. Ugonjwa unaopanda kwa siku chache hunifanya nifikirie mishipa ya fahamu kuvimba au maambukizi makali. Unaopanda kwa wiki na miezi, tena na joto la jioni na kupungua uzito, hunipeleka kwenye kifua kikuu au saratani. Percivall Pott, mpasuaji wa London, alieleza kupooza kwa miguu pamoja na kibiongo mwaka 1779, na kwa mgonjwa wetu mgongo uliuma kwanza, miguu baadaye. Mama S. alituachia miezi 4 ya maumivu kabla mguu haujagusa ardhi vibaya. Zile siku 7 za siprofloksasini nazo sizipuuzi. Kundi hilo la dawa hugusa vimelea vya kifua kikuu, linaweza kutuliza homa kwa muda na kuchelewesha utambuzi.

Hoja ya mume ilistahili jibu la heshima, kwa sababu sindano ya matakoni iliyochomwa vibaya kweli huumiza mshipa mkubwa wa mguu, na tunawaona, hasa watoto. Lakini hao huumia mguu mmoja, ghafla baada ya sindano, unyayo unaning'inia, refleksi ya kisigino inapotea, na dole gumba halipandi juu. Mke wake alikuwa na kinyume cha hayo yote. Nilimwonesha kwa nyundo, pale pale kitandani, mguu ukirusha teke. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, “Kwa hiyo mguu una nguvu, ila haupati amri.” Sijawahi kusikia maelezo bora.

Na ile miguu iliyokuwa ikiruka usiku, ambayo mama mkwe aliitolea ushahidi wa kutegewa, ni mikazo ya misuli isiyopata tena breki kutoka ubongoni. Yeye ndiye aliyenipa dalili hiyo; sikuwahi kuiuliza. Ningeikataa kwa kuwa imekuja imevaa uchawi, ningepoteza ushahidi mzuri.

Ingekuwaje kama refleksi zingekuwa hazipo kabisa? Hapo ningefikiria Guillain-Barré, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu: miguu inalegea kwa siku chache, udhaifu unapanda kuelekea mikononi, magoti hayajibu nyundo, mstari wa hisia tumboni hakuna. Mgonjwa huyo hatari yake ni pumzi. Mwambie ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja. Jana alifika 20, leo ameishia 9, usimwache wodini bila uangalizi. Ningetazama potasiamu pia, maana ikishuka sana nayo hulegeza miguu. Mtego upo, kwamba mshipa wa mgongoni ukiumia ghafla, miguu hulegea na refleksi hupotea kwa siku au wiki za mwanzo, ikafanana na Guillain-Barré. Kinachowatenganisha ni kijiti cha meno tumboni na swali la mkojo. Kama angekuwa ametoka kanda ya ziwa au eneo jingine la maji yenye kichocho, ningekiweka kichocho cha mgongoni kwenye orodha. Ganzi inayoanza nyayoni pande zote mbili na kupanda polepole kama soksi, bila mstari tumboni, mara nyingi ni ya kisukari, na hao nao hukanyaga makaa ya moto wasijue.

Na kwa kuwa wanaingia mlango uleule na jina lile lile la kiharusi: uso uliopinda peke yake, mikono na miguu mizima, mwambie akunje paji la uso. Akishindwa upande ule ule, mshipa wa usoni wenyewe ndio ulioumia, na akiwahi ndani ya siku 3 prednisoloni humsaidia. Paji likikunjwa vizuri na mdomo ndio umepinda, hapo fikiria ubongo.

Kilichofanya kazi katika kisa hiki kilifanywa na muuguzi, kwa maji, usiku, akiwa na wagonjwa wengine wodi nzima. Hakuwa anapima hisia. Alikuwa anamwogesha mtu na kumsikiliza.

Tulichobadilisha

Chumba changu sasa kina kitanda ambacho mgonjwa wa miguu lazima apande. Anavua viatu, anageuka, mgongo unagongwa. Nauliza maswali mawili ambayo hayakuwemo kwenye fomu yetu: “Ndala zinakutoka bila kujua?” na “Mkojo unausikia unapotaka kutoka?” Yote pamoja huchukua kama dakika 8. Foleni hulalamika.

CT ya kichwa kwa udhaifu wa miguu miwili haiandikwi tena mpaka mtu wa pili ameona mgonjwa. Tuliwahi kukosana na daktari mgeni kuhusu hilo, na hatukufikia mwafaka. Anadai tunachelewesha watu, na pengine kuna siku atakuwa sahihi.

Nyundo imepotea mara mbili tangu wakati ule. Tunatumia ukingo wa stetoskopu, inatosha kwa goti ila kwa kisigino ni shida. Vijiti vya meno tunanunua boksi dukani ng'ambo ya barabara, kimoja kwa mgonjwa mmoja, kisha kinatupwa.